Kura za Pumzi Moja

Jedwali safi lilitoka asubuhi, na Vinuni haikuwemo.

Yaani ilikuwemo kwa jina tu. Siwema alisogeza kidole juu ya kioo, akapita kata ya Bandari Kavu, akapita Maghalani, akaifikia kata yake mwenyewe na kukuta kura sitini na moja. Akarudi juu, akashuka tena taratibu, kama mtu aliyeangusha pete kwenye gunia la mchele. Sitini na moja. Na juzi yeye mwenyewe alisimama kwenye foleni iliyoanzia mlango wa shule, ikazunguka ukuta wa zahanati na kuishia kule kwenye matangi ya maji, watu elfu nne na ushee, wengine na watoto mgongoni.

"Fumbuka!" aliita. "Njoo uone ushenzi."

Fumbuka, mtangazaji wa habari wa Redio Mkeka, alikuja na kikombe cha chai mkononi, sauti yake ya hewani bado haijaamka. Kazi ya Siwema pale redioni ilikuwa kusafisha takwimu za umma mpaka zisomeke: kuunganisha kituo kilichoandikwa kwa majina matatu, kuondoa mistari iliyoingizwa mara mbili, kurekebisha tarehe zilizorukwa na akili. Fumbuka hakuwa na subira na kazi hiyo. Yeye alitaka nani kashinda.

"Labda hawakujitokeza," alisema.

"Hawakujitokeza? Basi mimi juzi nilikanyagwa na nani? Na majini?"

"Usinifokee mimi, dada. Sijafuta kitu."

Siwema alikwishafungua jedwali ghafi, lile ambalo Tume ya Uchaguzi hulianika kabla halijaguswa. Tangu uchaguzi ule wa aibu, ambao marehemu walipiga kura kwa wingi kuliko walio hai, Shirikisho lilitupilia mbali vitambulisho vya karatasi. Sasa unaweka dole gumba kwenye mashine, mashine inasikiliza mapigo ishirini ya moyo wako, na mapigo hayo yanakwenda na kura yako kama muhuri. Maiti haina mapigo. Kisha Sheria ya Uwazi inaamuru kila kura ianikwe hadharani: kituo, mapigo, chaguo. Jina peke yake ndilo linalofichwa.

Kwenye jedwali ghafi Vinuni ilikuwepo yote, mistari elfu nne na zaidi. Ila pembeni ya karibu kila mstari, kutoka juu hadi chini, mtu alikuwa amegonga neno moja: *marudio*. Na chaguo la kura iliyogongwa hivyo hufungwa, hata Tume isilione, mpaka rufaa iamuliwe.

"Marudio ya nini?" Fumbuka aliuliza.

"Wanasema ni moyo mmoja uliopiga kura mara elfu nne." Siwema aliyapanga mawimbi ya mapigo moja juu ya jingine. Yalipanda pamoja, yakashuka pamoja, kama mabati ya paa. Kwa kitambo hata yeye alishtuka. Halafu akaona, na hasira ikampanda. "Tulikuwa tunaimba," alisema.

"Nini?"

"Tulikuwa tunaimba, Fumbuka! Ule wimbo wa kutwanga."

Watu wa Vinuni waliletwa pale na bwawa. Maji yalipofunika bonde lao la mpunga, walipakiwa kwenye malori na kushushwa pembeni ya maghala ya baridi, wakapewa makoti mazito na kazi ya kupanga samaki wa watu wengine. Vinu walivitupa. Wimbo wa kutwanga hawakuutupa. Waliuimba mazikoni, arusini na kwenye kila foleni: sauti moja ndefu inayovutwa kwa pumzi moja, wote wanatoa hewa pamoja, wote wanaingiza hewa pamoja, mkono wa kila mmoja begani kwa aliye mbele. Kituoni ni marufuku kutaja mgombea. Hakuna aliyewahi kukataza kutwanga mpunga usiokuwepo. Na moyo hufuata pumzi. Ukiimba hivyo kwa saa mbili, moyo wako unatembea na mioyo ya wenzako bila kukuomba ruhusa.

"Tume wana kanuni yao ya kusafisha," alisema. "Mapigo yenye mwendo mmoja katika kituo kimoja yanahesabika kuwa mtu mmoja. Kanuni yenyewe inaangalia mwendo tu. Haiangalii umbo la pigo, na umbo ndilo linalomtofautisha mtu na mtu, kama sura. Wameifuta kata nzima kwa sababu inajua kuimba."

Fumbuka aliweka kikombe chini. Sasa alikuwa macho. "Na Ngazi kashinda kwa kura ngapi?"

"Mia tatu."

Wote wawili walikijua kiti kile cha ubunge, kinachojumlisha kata zote za mji. Mgombea wa chama cha Ngazi alitaka Vinuni ihamishwe tena, ipelekwe Kilimani, ili maghala yapanuliwe. Wa chama cha Taa aliapa kwamba hakuna atakayewagusa. Na kila mtu mjini alijua Vinuni ni Taa mpaka kwenye mifupa.

"Tunarusha saa sita," Fumbuka alisema.

"Tunarusha sasa hivi."

*

Baraza la Rufaa ya Kura lilijibu rufaa ya Vinuni upesi, kwa lugha laini. Lilikiri kwamba umbo la mapigo linatofautiana. Lakini umbo, liliandika, linaweza kutengenezwa na fundi. Kama Vinuni ina watu elfu nne, na waletwe watu elfu nne: jina la kila mmoja mbele ya mstari wake.

Kuyapata majina hakukuwa kazi. Zahanati ya maghala hupima moyo wa kila mfanyakazi kabla hajaingia kwenye baridi, maana watu walishawahi kuanguka humo ndani. Ukichukua kumbukumbu za zahanati na jedwali la Tume, ukalinganisha umbo na umbo, kila mstari unapata mwenyewe. Siwema angeweza kuimaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa. Ila mstari hauna mapigo tu. Una chaguo, hata kama kwa sasa limefungwa. Siku kura zitakapofunguliwa na majina yakiwa pale, kila mtu Vinuni atajua jirani yake alibonyeza nini.

Alilipeleka jambo hilo nyumbani kwa Mama Sikuzani, kwenye banda la chama cha kufa na kuzikana. Hakuna kilichoamuliwa Vinuni bila chama kile. Chama ndicho kilichonunua sanda, kilichochimba kaburi, kilicholisha wafiwa. Asiyekuwa mwanachama alizikwa na manispaa, na hilo lilitamkwa kwa sauti ya chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Tumekusikia redioni, mwanangu, ulikuwa unawaka kama jiko la mkaa." Mama Sikuzani, mwenyekiti wa chama, alikuwa mwanamke mpana mwenye sauti ya kuanzisha wimbo. "Sasa kinachokuzuia ni nini? Wape majina."

"Majina yanakwenda na kura, mama. Watajua nani alichagua nini."

"Wajue! Mimi Taa. Haya, nimesema. Nani hapa anaona haya?"

Banda zima lilicheka na kupiga makofi. "Taa! Taa!" Mzee mmoja alisimama juu ya benchi, akaambiwa ashuke kabla hajawapa gharama ya mazishi.

Hamduni, kaka yake Siwema, hakucheka. Alikuwa amekaa karibu na mlango, koti la baridi magotini, mtoto wake wa kike amelala kifuani akikoroma kwa kifua kibovu. Siwema alipotoka nje, kaka yake alimfuata.

"Usifanye hivyo," alisema.

"Wametufuta, kaka. Mimi, wewe, wote. Unataka tuketi?"

"Nimesema usifanye hivyo."

"Sababu?"

Hamduni aliangalia ukuta wa maghala. Siku hiyo amonia, gesi ya mitambo ya baridi, ilikuwa inanuka mpaka machoni. "Kule Kilimani kuna upepo," alisema. "Daktari kaniambia hiki kifua cha Mwaija hakitamaliza mwaka mwingine hapa. Usiniulize kitu kingine."

Siwema alielewa kura yake ilikwenda wapi. Alihisi kama kapigwa kibao na mtu asiyeinua mkono. Huyu! Aliyembeba mgongoni siku malori yalipokuja, ambaye mama yao alikufa akilitaja bonde! Maneno makali yalimjaa mdomoni, na alitaka kuyatema yote palepale. Kisha mtoto akakohoa, kikohozi kirefu cha mtu mzima, na Siwema akayameza.

"Hata wasipopata majina," Hamduni alisema, "Mama Sikuzani kaanza mchezo mwingine mle ndani. Umemsikia. Leo anasimama huyu anasema Taa, kesho yule. Mimi nitakayebaki nimekaa nitakuwa nimeshasema. Unajua chama kitanifanya nini. Si mimi tu, dada. Siku mtoto huyu..."

Siwema alirudi ndani na hasira yake, asijue tena aielekeze wapi.

"Hakuna majina," aliwaambia. "Na hakuna mtu kusimama kutangaza kura yake. Atakayetangaza ajue anamvua nguo aliyenyamaza."

"Heh!" Mama Sikuzani alisema. "Sasa tutashindaje kesi, kwa kununa?"

"Nipeni watu wa kwenda nao Barazani. Nitaona njia."

Hakuwa nayo njia yoyote. Aliipata usiku ule kwa sababu alikasirika kupita kiasi: aliichukua kanuni ya Tume yenyewe, nakala ile ile iliyoanikwa kwa amri ya Sheria ya Uwazi, akaiachia ikimbie juu ya nchi nzima.

*

Mwenyekiti wa Baraza, Jaji Rweyongeza, alikuwa mtu mwembamba aliyezungumza kana kwamba kila neno analitoa kwa mkopo. Nyuma ya Siwema walikaa watu wa Vinuni mabenchi manne, na Hamduni miongoni mwao.

"Binti, umeleta majina?"

"Sikuleta, mheshimiwa."

"Basi umeleta nini?"

"Nimewaletea kanuni yenu. Naomba niiwashe kwenye ukuta wenu."

Ukuta ule wa kioo uliwashwa. Jedwali ghafi la Shirikisho zima likajaa pale, na Siwema aliacha safu moja tu imefunikwa kwa rangi nyeusi, ile ya chaguo. Kanuni ikaanza kutembea kata kwa kata. Ilipofika Vinuni iligonga *marudio* kama ilivyotarajiwa, na mwanasheria wa Tume akatabasamu. Lakini haikuishia hapo. Iligonga *marudio* kwenye chuo cha mgambo, ambako makuruta walikwenda kupiga kura wakikimbia mchakamchaka. Iligonga kwenye mji mmoja wa milimani ambao kwaya zake zinasifiwa nchi nzima.

"Kura hizi ziko kwenye jedwali safi," Siwema alisema. "Hazikufutwa. Mheshimiwa, kanuni haina macho. Mtu ndiye aliyeambiwa aiwashe Vinuni na aizime kwingine."

"Ni hitilafu ya kiufundi," mwanasheria wa Tume alisema akinyanyuka nusu. "Na vyovyote vile, makuruta wanajulikana. Wapo. Vinuni haijathibitisha kuwa ipo."

Nyuma mtu alisonya, msonyo mrefu wenye mkia. "Haipo? Hebu njoo nikukanyage uone kama ipo!" Ilikuwa sauti ya Mama Sikuzani. Askari akanyoosha kidole, mabenchi yakatulia.

"Kuna kituo kimoja kimebaki," Siwema alisema.

Ulikuwa Ukumbi wa Shirikisho, kituo cha viongozi. Nchi nzima ilikuwa imeutazama ufunguzi: mawaziri, majaji na wakuu wa vikosi wamepanga mstari, mkono kifuani, wakiimba wimbo wa Shirikisho beti zote huku mmoja mmoja akienda kuweka dole gumba. Kanuni ilitulia juu ya kituo kile kidogo. Kisha ikagonga, ikagonga, ikagonga, mpaka ikaifikia mistari yote.

Mtu alicheka kwa pua, akajifanya anakohoa.

"Kwa mujibu wa Tume," Siwema alisema, "pale Ukumbini alipiga kura mtu mmoja tu. Mwenye vyeo vingi."

Jaji Rweyongeza hakucheka. "Hao ni watu tofauti, binti. Mimi nilikuwepo."

"Thibitisha, mheshimiwa."

"Angalia ulimi wako!" mwanasheria alifoka.

"Ninauangalia! Mmetuambia tulete jina la kila mtu mbele ya mstari wake, ndipo mkubali kwamba tunaishi. Haya. Nipeni kumbukumbu za hospitali yenu ya moyo, mimi nitayaweka majina ya Ukumbini mbele ya mistari ya Ukumbini, hapa hapa ukutani. Halafu nitaifunua safu hii nyeusi, kwa sababu ndicho mlichotaka kwetu. Tuanze na nani? Tuanze na ninyi au tuanze na wabeba samaki?"

Isipokuwa Vinuni, matokeo ya kila kituo yalikuwa ya wazi, na hakuna mtu chumbani asiyejua kwamba pale Ukumbini, katikati ya kura zote za Ngazi, ilipatikana Taa moja. Magazeti yalishaifanyia mzaha. Hakuna aliyejua ni ya nani. Siwema aliyatazama macho ya Jaji yakienda kwenye safu nyeusi na kubaki pale kidogo zaidi ya ilivyofaa.

Hapo alishikwa na tamaa ambayo hakuijua kuwa anayo. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Bila majina isingefunuka kitu, Jaji mwenyewe angejua hivyo akitulia, ila hakuwa ametulia. Kumtia hofu tu. Kumwonjesha kile walichokuwa tayari kuwafanyia watu elfu nne. Alitamani sana.

"Funika," Jaji alisema kwa sauti ndogo. "Namaanisha, iache ilivyofunikwa."

"Imefunikwa, mheshimiwa," Siwema alisema, akaondoa kidole. "Ya kwenu na ya kwetu."

Uamuzi ulisomwa kabla ya adhuhuri. Kanuni haikutumika kwa usawa, kwa hiyo ihesabike kuwa haikutumika kabisa. Kura za Vinuni zirudishwe zote, zijumlishwe, mshindi atangazwe upya.

*

Ngazi alishinda kwa kura mia tisa.

Fumbuka aliyasoma matokeo mara mbili hewani kwa sababu mara ya kwanza hakuyaamini. Kura za Vinuni ziliporudi, zaidi ya nusu zilikuwa za Ngazi. Tume walikuwa wameiba kitu walichokuwa wanapewa, kwa sababu hata wao, kama kila mtu mjini, walidhani wanawajua watu wa Vinuni.

Siwema alikwenda bandani kwa miguu. Aliwakuta wamejaa, na hakuna aliyekuwa anaimba. Walikuwa wanatazamana. Mke alimtazama mume wake kama mpangaji aliyechelewa kodi. Watu waliopanda lori moja, waliolala sakafu moja, sasa kila mmoja alikuwa anahesabu nani alipiga makofi bandani juzi na nani alipiga kwa nguvu ndogo.

"Afadhali umekuja," Mama Sikuzani alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mlango wa zahanati uko wazi. Wewe unayo njia. Tunataka majina."

"Hata wewe, mama?"

"Hata mimi! Walituuza! Wamekaa hapa, wamekula pilau letu la matanga, wameshika mabega yetu wakiimba, kisha wakatia kidole tupakiwe tena kama samaki. Chama hakitamzika mtu wa namna hiyo. Nitajie, nimkate leo."

"Mkate!" wengi waliitikia. Na Siwema aliona jinsi baadhi yao walivyoitikia upesi mno.

Hamduni alikuwa palepale karibu na mlango, mtoto kifuani. Midomo yake ilikuwa imeanza kufunguka. Alikuwa anachoka, Siwema aliliona hilo wazi. Alikuwa anakaribia kusimama aseme, ili mradi tu yaishe. Naye Siwema bado alikuwa na hasira naye, hasira ya damu, isiyokwisha kwa kuelewa. Alimtaka aumie. Lakini si hivi, wala si kwa mikono ya hawa.

"Mnataka jina?" alisema. "Nitawapa moja, kisha mnyamaze. Siwema."

Mama Sikuzani hakuelewa. "Siwema nini?"

"Siwema mimi. Nilipiga Ngazi. Nimechoka kunusa amonia."

Mwanamke mmoja wa nyuma alisema, "Muongo huyu," lakini alilisema kama swali.

"Kama ni muongo, thibitisheni," Siwema alisema. "Aliye na ujuzi wa kulinganisha mapigo, zahanati iko wazi, kama mlivyosema. Asiye nao, anikate mimi kwanza kwenye chama. Mama, toa kalamu."

Mama Sikuzani alimtazama. Alimtazama msichana aliyewapigania hewani mpaka sauti ikamkauka, aliyesimama mbele ya Jaji bila kupepesa. Uongo ulikuwa umemkaa usoni wazi kabisa, na yule mama hakuwa mjinga. Aliuona. Akaangalia upande wa mlango, kisha kwenye mabenchi, uso mmoja baada ya mwingine. Ikiwa huyu angeweza kuwa Ngazi, basi yeyote angeweza. Kaka, jirani, hata shemeji aliyekaa mkono wake wa kulia na kupiga makofi kuliko wote.

"Kaa chini," alisema hatimaye, na sauti yake ya kuanzisha wimbo ilikwaruza. "Siku ukifa tutakuzika. Kwa shingo upande."

"Nashukuru," Siwema alisema, na alikaa, bado amekasirika.